Maji ya Kupoza Breki

Jambo la kwanza nililolitilia shaka katika kijiji cha mjomba wangu lilikuwa maji. Niliwaona wanawake sita wakipanda mlima kwa mstari mmoja, kila mmoja na debe kichwani, na nilijua kwamba waliokuwa wakifanya kazi kule juu hawazidi watu kumi na wawili. Watu kumi na wawili hawanywi madebe sita kabla ya saa nne asubuhi. Nikamuuliza mjomba maji yale yote ni ya nani.

"Ya breki," alisema.

"Breki inakunywa maji?"

"Kuliko ng'ombe. Panda ukaone."

Mlima wenyewe uko upande wa Zombo, ukitoka Kilosa kuelekea Mikumi. Zamani mzungu mmoja alikuwa akikata mbao kule juu, na ili azishushe alitandika reli ndogo mbili sambamba kuanzia kileleni hadi kijitoni. Alipoondoka baada ya Uhuru aliacha reli, kamba ndefu ya chuma na roda, gurudumu kubwa la kuzungushia kamba lenye kimo cha mtu, lililofungwa juu kwenye nguzo za zege. Aliacha pia toroli mbili na tangi la chuma. Kijiji kilipoanzishwa, watu wakatoka kwenye vitongoji vyao wakakaa pamoja bondeni, na kwa kuwa bonde hufurika wakalima shamba la kijiji kule juu kwenye tambarare. Mahindi yakawa yanashushwa kwa toroli ya mzungu.

Nilipofika juu nikaona jinsi walivyokuwa wakifanya. Toroli ilipakiwa magunia saba na kamba yake ilikuwa imezungushwa kwenye roda. Wanaume wawili walilalia mti mrefu uliobana gogo la mninga dhidi ya roda, ili toroli isikimbie. Ilipoanza kushuka gogo lililia, kisha likatoa moshi, na mwanamke aliyekuwa amesimama tayari akalimwagia maji, mvuke ukapanda. Akamwaga tena. Toroli ilipofika chini na kupakuliwa, wanaume wanane walishika vyuma vya roda, wanne kila upande, wakaizungusha kwa kuimba mpaka ile toroli tupu ikarudi juu. Kisha wakakaa chini kuhema, na wale wanawake wakashuka kufuata maji mengine.

Nilikaa pale mpaka adhuhuri, si kwa kuvutiwa bali kwa kuhisi kwamba kuna mtu anaibiwa. Mzigo ulikuwa ukishuka na nguvu nyingi, nguvu hizo zinaunguza gogo, na wanawake wanapandisha maji kwa vichwa vyao kuja kuzima nguvu hizo hizo. Halafu wanaume wanatoa nguvu nyingine kurudisha toroli. Nilijua nimewahi kuuona wizi wa aina hiyo. Niliuona Dar es Salaam, juu ya paa.

Lazima nieleze nilifikaje huko. Niliacha shule darasa la nne. Haikuwa ada wala ugonjwa: treni ilisimama Kilosa mchana mmoja, mlango wa behewa ukawa wazi, nikapanda. Tangu hapo nimekuwa utingo wa malori, mchimba mitaro, mpakua mkonge, na kwa muda fulani mfagiaji wa jengo refu la ofisi. Kazi ya kufagia niliipenda kwa sababu ya lifti. Sikuielewa, na kitu nisichokielewa hunikosesha usingizi.

Fundi wa lifti alikuwa mzee mkali, lakini alipenda chai, na mimi ndiye niliyemletea majani na sukari. Chumba chake kilikuwa juu kabisa ya jengo, chini ya paa. Hakuwa na jiko. Birika lake aliliweka juu ya sanduku la chuma lenye matundu, ukutani, na maji yakachemka.

"Sanduku hili linawashwa na nini?" nilimuuliza.

"Na wale wanaoshuka saa ya chakula."

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwa uvumilivu ambao hakuutumia kwa mtu mwingine yeyote. Lifti ikishuka imejaa watu, inataka kukimbia kwa uzito wao. Mota ndiyo inayoizuia, na mota inapozungushwa na mzigo badala ya kuuzungusha, inageuka dainamo kama ile ya taa ya baiskeli: inatoa umeme. Umeme huo lazima uende mahali. Kwenye jengo lile ulipelekwa kwenye sanduku la nyaya, ukageuka joto, na joto likatolewa nje kwa feni.

"Na feni inaendeshwa na nini?"

"Na umeme unaolipiwa," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza. "Wanalipia kupanda. Wakishuka wanarudisha, sisi tunakitupa walichorudisha, halafu tunalipia upepo wa kukipoza. Kuna majengo Ulaya yanaurudisha kwenye waya ukawashe taa. Mtu angeweza hata kuuweka akiba kwenye betri. Hapa wenyewe hawataki gharama, kwa hiyo tunywe chai."

Tangu siku ile kila nilipomwona mtu anaingia kwenye lifti ghorofa ya juu nilimtazama kama mtu anayetobolewa mfuko. Muda si mrefu likapita lori la kuzoa wasio na kazi mitaani. Mimi kazi nilikuwa nayo ila karatasi ya kazi sikuwa nayo, wakanirudisha mkoani pamoja na wengine nikalime. Ndivyo nilivyofika kwa mjomba.

Kwetu mtoto wa dada si mgeni. Ukoo unapita kwa mama, na mjomba ana haki juu yako kuliko baba. Mjomba wangu alikuwa fundi wa mashine ya kusaga ya kijiji, mtu wa maneno machache na grisi kwenye kucha, asiyekosa sala ya Ijumaa. Mwenyekiti wa kijiji alipomuuliza atakayeweka dhamana kwa mzururaji kama mimi ni nani, mjomba alisema, "Mimi. Akiharibu, mnishike mimi." Jina langu lilikuwa halijaandikwa kwenye daftari la kijiji. Nilikuwa naangaliwa.

Nilipomweleza mjomba habari ya sanduku la chai, alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kunoa mawe ya mashine.

"Sasa unataka nini?"

"Nataka toroli ya pili."

Akasimama akaniongoza nyuma ya nyumba. Toroli ya pili ilikuwa pale, imefunikwa nyasi. Ndiyo iliyokuwa banda lake la kuku.

Tuliwahamisha kuku. Kazi ya kufyeka reli ya pili tuliifanya kwa siku nne, mimi na mjomba na vijana wawili aliowaomba. Kamba ilikuwa ile ile. Tuliizungusha kwenye roda mara nne isiteleze, mwisho mmoja ukafungwa toroli iliyo juu, mwisho mwingine toroli iliyo chini. Moja ikishuka, nyingine lazima ipande. Toroli ya chini tukaiwekea mapipa mawili tukayajaza maji ya kijito.

Mwanamke aliyekuwa akiongoza wapandisha maji alisimama pembeni, mikono kiunoni, debe lake tupu miguuni. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani, na yeye utani aliuchukua kama kazi rasmi.

"Mtani," alisema, "mjini wamekufukuza kwa uvivu. Sasa umekuja kuufundisha na mlima wetu uvivu?"

"Kaa hapo hapo mtani, ufundishwe na wewe."

"Mimi? Yakifika juu maji hayo bila kichwa changu, nitakuoza bibi yangu."

Nikaachia breki. Magunia saba yakaanza kushuka, na kule chini mapipa yakajitikisa, yakaanza kupanda. Gogo halikulia, moshi haukutoka. Toroli zikapishana katikati ya mlima polepole kama wazee wawili wanaosalimiana. Maji yalipofika juu yule mtani aliingiza mkono kwenye pipa, akaonja, kana kwamba huenda si maji.

"Bibi yangu alishakufa," alisema. "Una bahati."

Msimu mzima wa mavuno hakuna mwanamke aliyebeba debe mlimani. Maji yaliyozidi ya kunywa tuliyamimina kwenye tangi la mzungu, na hapo ndipo nilipofurahi kuliko wakati wowote maishani mwangu, kwa sababu niliona kwamba tangi lile ndilo betri aliyoisema fundi. Maji yakiwa juu yametulia, nguvu za mahindi zimelala ndani yake. Mavuno yakiisha, maji yatashuka kwa toroli na kupandisha kitu kingine: samadi, kwa mfano. Shamba la juu lilikuwa limechoka, na familia za wafugaji walioishi bondeni zilikuwa na samadi ya kumwaga ndani ya maboma yao. Hakuna aliyekuwa tayari kuibeba kichwani mpaka kileleni.

Furaha haikupokelewa kama furaha. Mwenyekiti alikuwa mtu mwaminifu, nasema hivyo hata leo, lakini alikuwa amefundishwa kwamba kila kinachopatikana kimetokana na jasho, na palipo na mtu asiyetoka jasho pana mtu mwingine anayenyonywa. Alipanda mlimani siku tatu mfululizo, akasimama karibu na roda, akatazama mapipa yakija.

"Ndugu," aliniambia siku ya tatu, "haya maji yanapanda."

"Ndiyo, ndugu mwenyekiti."

"Nakuuliza. Jasho la nani?"

Ningenyamaza ningefanya vema. Lakini swali hilo nilikuwa nalo mwenyewe kwa wiki nzima, maana mahindi nayo hakuna aliyeyapandisha. Mbegu ilipanda mfukoni, mvua ikaikuza, ikashuka magunia. Nikasema nilichokuwa nimekifikia: "La mvua. Mvua ndiyo iliyopanda mlima kwanza."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

Mwezi huo huo lililetwa pipa la dizeli la mashine ya kusaga. Dizeli ilikuwa adimu, pipa lilitoka Mikumi kwa lori, na kijiji kizima kilikwenda kulipokea. Lililazwa juu ya magogo karibu na mashine, likafungwa bomba lenye koki upande wa chini. Mjomba ndiye aliyelipokea kwa mkono wake. Wiki tatu baadaye mwenyekiti alichovya kijiti ndani, akakitoa, akakiangalia mara mbili. Pipa lilikuwa limeshuka hadi nusu, na mashine ilikuwa imesaga siku chache tu, kwa kukohoa.

Kosa walilofanya sasa lingeweza kufanywa na watu wale tu, na sijawahi kuwalaumu. Walikuwa na vitu viwili wasivyovielewa: dizeli inayopungua bila kusaga, na toroli inayopanda bila kusukumwa. Wakaviunganisha. Nimeficha injini mlimani.

Waliitafuta. Watu wazima walipanda na majembe na mapanga, wakapekua vichaka, wakachimba chini ya nguzo za roda, mmoja akalala kifudifudi akaweka sikio kwenye udongo asikie muungurumo.

"Umeificha wapi?" waliniuliza.

"Hakuna."

"Iliyokuwepo umeihamishia wapi?"

Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti alilitumia neno lile ambalo miaka hiyo likishamwangukia mtu haliondoki: hujuma. Alisema dizeli ni mali ya umma, na anayeila ni mhujumu, na mhujumu haandikwi kwenye daftari bali hupelekwa Kilosa mbele ya polisi. Mjomba alikuwa amekaa mstari wa mbele, kofia yake magotini. Hakusema neno.

Aliyesimama ni yule mtani. "Ndugu mwenyekiti, mimi sina elimu. Lakini mavuno yameisha, hakuna gunia hata moja la kushusha. Huyu mvivu anasema maji ya kwenye tangi yatapandisha samadi. Basi apandishe mbele yetu wote Alhamisi, na siku hiyo dizeli ifungiwe ofisini. Ikipanda, toroli haili dizeli. Isipopanda, mpelekeni, na mimi nitamfungia chakula cha njiani."

Watu wakakubali. Mwenyekiti akakubali: ikipanda, nitaandikwa. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu ambaye tayari ameshaandikwa, maana nilijua itapanda.

Siku moja kabla ya Alhamisi nilishuka mlimani mchana kufuata grisi. Kijiji kilikuwa kitupu, watu wako mashambani. Nilipokaribia mashine nilimwona mjomba amechuchumaa upande wa chini wa pipa, amekinga kopo kubwa chini ya koki. Alijaza, akafunga koki, akalifunika kopo kwa kitambaa, akatazama kushoto na kulia. Kisha akashika njia ya vichakani inayokwenda barabarani, kule malori yanakopita. Nilijibanza nyuma ya ghala. Alirudi baada ya muda, kopo likining'inia mkononi, jepesi. Alipoingia ndani nilikwenda nikalinusa. Dizeli.

Usinilaumu haraka. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Nilikaa chini ya kivuli cha ghala nikaona jambo zima limekaa sawasawa: kwa nini hakusema neno mkutanoni, kwa nini alinisaidia kwa moyo kusimamisha toroli, kwa nini alikubali haraka kuniwekea dhamana. Alihitaji mtu wa kumbebesha. Kisha nikaona na upande wa pili, uliokuwa mbaya zaidi. Toroli ikipanda kesho, itathibitika kwamba mimi siye. Na kama siye mimi, kuna mtu mmoja tu mwingine anayeishika ile koki. Ushindi wangu ndio utakaompeleka Kilosa.

Jioni tulikula sahani moja, ugali na mlenda. Alinisogezea kipande cha samaki mkavu upande wangu kama kawaida yake. Nilikitazama kipande kile kwa muda mrefu.

"Mbona huli?" aliuliza.

"Nimeshiba, mjomba."

"Kesho shika breki mwenyewe. Usimpe mtu."

Hata hilo nililitafuta maana ya pili.

Alhamisi watu walijaa juu na chini ya mlima. Samadi ilikuwa imepakiwa kule chini, na mzee mmoja wa wafugaji aliyeitoa alisimama kando ya toroli na fimbo yake kuhakikisha haimwagiki. Juu tulijaza mapipa kutoka kwenye tangi, manne safari hii. Mwenyekiti alizunguka roda, akapiga zege kwa kiganja, akarudi nyuma. Mtani wangu alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na gogo la breki, mahali alipozoea kusimama na debe. Mjomba hakupanda. Alibaki kwenye mashine yake.

"Haya," alisema mwenyekiti.

Niliulegeza mti. Toroli ya maji ikaondoka, na nilihisi ndani ya mti ule, mpaka mabegani, jinsi ilivyokuwa na nguvu. Kule chini samadi ikaanza kupanda, watu wakaanza kushangilia. Nikaukaza mti. Sikuukaza ghafla, niliulalia kidogo kidogo, kama mtu anayechoka, mpaka toroli zikaanza kusuasua, zikatambaa, zikasimama katikati ya mlima. Nikatazama chini.

"Imekufa," alisema mwenyekiti. Sauti yake haikuwa na furaha. "Ndugu, mmeona wenyewe. Bila dizeli imekufa."

Ndipo nikamsikia mtani akinusa.

"Mbona kuna moshi?"

Akasimama, akaliinamia gogo la mninga, akaliwekea kiganja na kukitoa haraka.

"Ndugu mwenyekiti, njoo ushike hapa. Msimu mzima gogo hili halijatoa moshi, tumesahau hata harufu yake. Kama toroli haina nguvu, kinachounguza mti huu ni nini?"

Mwenyekiti akaja, akashika. Akanitazama mimi, kisha mikono yangu.

"Achia, mtani," mwanamke yule alisema, na safari hii hapakuwa na utani. "Nimemwaga maji kwenye gogo hili miaka miwili. Namjua anayezuia na namjua anayeshindwa."

Nikaachia. Samadi ilikuja juu kama iliyoitwa, ikasimama mahali pake, na mzee mfugaji kule bondeni akainua fimbo yake. Vigelegele vilipigwa. Mimi nilikuwa namtazama mwenyekiti, na nilimwona akifika kule nilikofika mimi jana yake.

"Basi toroli haili dizeli," alisema polepole. "Twendeni kwenye mashine."

Tulishuka sote. Mjomba alikuwa amekaa kizingitini. Mwenyekiti alimsalimia "Shikamoo," kwa kuwa mjomba alimzidi umri, mjomba akaitika "Marahaba," na yote yalifanywa kwa ukamilifu kama vile hakuna jambo.

"Mzee, toroli imepanda. Lakini mpwa wako kwanza aliishikia breki makusudi, ionekane imeshindwa. Sisi hatuelewi. Mtu hujifunga mwenyewe kwa sababu gani?"

Mjomba aligeuza uso akanitazama. Alikuwa mtu wa mashine, aliyezoea kutafuta sauti moja mbovu katikati ya kelele, na aliipata.

"Jana ulishuka mchana," aliniambia.

"Ndiyo, mjomba."

"Ukaniona."

Akaingia ndani, akatoka na chupa ya kioo, akachuchumaa kwenye lile pipa, ambalo vijana walikuwa wamelibeba kulirudisha kutoka ofisini, bado limefungwa kwa kamba ya ofisi. Akamwomba mwenyekiti aifungue kwa mkono wake. Akafungua koki, akajaza chupa, akaifunga, akaisimamisha juu ya gogo, juani.

"Ngojeni," alisema.

Tulingoja. Kitu kilikuwa kikitembea ndani ya chupa. Taratibu mstari ukajichora katikati: juu, dizeli ya rangi ya dhahabu, chini, maji matupu.

"Lilikuja hivi," mjomba alisema. "Nililipokea mbele yenu nyote bila kulipima, kwa haraka ya kufurahi. Siku ya pili injini ikakohoa. Ningesema, mngesema nimeuza dizeli nikajaza maji. Basi nikawa nayatoa kidogo kidogo na kwenda kuyamwaga mbali, yasiache doa hapa. Nilikuwa nasubiri lijalo nilipime mbele ya mashahidi."

"Nani aliweka maji?" mtu aliuliza.

Mjomba akanyanyua mabega. Macho ya watu yakaanza kusafiri: lori lilitoka Mikumi, dereva ni nani, na ni nani aliyepanda nalo kutoka huko akiwa amekaa mbele? Mwenyekiti ndiye aliyepanda nalo. Alilijua hilo, na jasho likamtoka palepale, yeye aliyekuwa akilitafuta la wengine. Ni nani hasa, sikuwahi kujua. Mjomba aliachiwa mashine yake, na ikaamuliwa kwamba kila pipa likija lazima kwanza lipimwe kwa chupa mbele ya watu watatu. Jina langu liliandikwa kwenye daftari jioni ile.

Usiku huo chakula kililetwa kwenye sahani mbili.

"Mjomba," nilisema, "nilishika breki kwa ajili yako."

"Najua. Ungekwenda polisi wewe, nibaki mimi." Alikula tonge moja, akanawa. "Hukuniuliza. Kopo ulilinusa, mimi hukuniuliza."

Hakunifukuza. Alinisalimu kila siku kwa upole, akanipa kazi, akanigawia chakula. Sahani tu ndizo zilizobaki mbili. Nilivumilia mpaka mvua za kwanza, samadi ilipokuwa imeshatandazwa shambani, ndipo nikapanda treni ya kwenda Mikumi. Ukweli nisiufiche: hata bila zile sahani labda ningeondoka. Mlango wa behewa ulikuwa wazi.

Mikumi nilipata kazi ya kuziba mipira ya magari kando ya barabara kuu. Mwaka wa pili, siku ya gulio, nilimwona mtani anakuja na kikapu, amenenepa kidogo.

"Mvivu," aliniita kutoka mbali, "bado unapumua?"

Akanipa habari. Toroli zinafanya kazi. Tangi linajaa kila mavuno. Mwenyekiti ameanza kuwaeleza wageni kutoka wilayani kwamba mvua ndiyo inayopanda mlima kwanza, na anasema amelifikiri mwenyewe. Mjomba mzima, macho yanamsumbua kidogo. Kisha akatoa chupa kwenye kikapu, ya kioo, imezibwa kwa gunzi.

"Asali ya mlimani. Kutoka kwa mjomba wako."

Niliipokea kwa mikono miwili. Mwili wangu ulifanya kabla yangu: niliinyanyua chupa juu, nikaigeuza kuelekea jua, nikatazama kama kuna mstari.

Asali ilikuwa moja, kuanzia shingoni hadi kitakoni.

Nilipoishusha, mtani alikuwa ananitazama. Hakucheka, ingawa nilimtegemea acheke.

"Aliniagiza jambo moja," alisema. "Aliniambia, usimwambie kitu, mpe tu, halafu uangalie atafanya nini kwanza: ataionja, au ataipeleka juani."

Akajitwika kikapu chake akaenda kuwahi treni ya kurudi.